Mawese yamegawanyika chupani, chini yameganda na juu ni maji: nimeuziwa nini?

#1 Mama Ushindi
Habari zenu. Naombeni msaada, jambo hili limeninyima raha jikoni wiki nzima.

Huku Kadutu, mjini Bukavu, tunanunua mawese bidoni nzima ya lita 20, nyumba tatu tunagawana. Muuzaji ni yuleyule miaka yote. Bidoni ya mwezi uliopita ilikaa vizuri, nzito kama uji, rangi moja toka juu mpaka chini. Hii ya sasa nimeimimina kwenye chupa usiku, asubuhi nakuta chini kuna kitu kizito cha rangi ya machungwa kama siagi, kimefika nusu ya chupa. Juu yake mafuta mekundu yanayong'aa, maji kabisa. Mpaka wake umenyooka kana kwamba mtu kapiga mstari kwa rula. Nikatikisa, yakachanganyika. Kesho yake yamegawanyika tena.

Mume wangu anasema wametia mafuta ya kiwanda. Jirani anasema ni maji. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na huyo ndiye anayekula sombe (majani ya mihogo) yenye mawese kuliko sisi wote, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Mawese safi ninyi mnayajuaje? Haya yangu nipikie, au yaende kwenye sabuni?

#2 Mwana wa Bagira
Mama Ushindi, hapo hakuna shida, ni baridi tu. Bukavu tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, mawese lazima igande. Peleka ile chupa Uvira, saa sita ya mchana itakuwa maji yote. Mimi niko natumia hivyo kila siku. Pika, mtoto akule.

#3 Da Zawadi
Baridi ya Bukavu haikuanza leo. Muuzaji yuleyule, jiko lilelile, mbona bidoni ya kwanza haikugawanyika? Mwana wa Bagira tujibu hapo kwanza. Mimi niko upande wa baba Ushindi: wamechanganya. Mawese inapopanda bei, wauzaji wanaongeza mafuta ya njano ya dukani ili bidoni ijae.

#4 Bidoni Ishirini
Mimi nauza mawese, huu mwaka wa tisa, nisikilizeni kidogo.

Mafuta yanafika Bukavu yakiwa kwenye mapipa na mabidoni. Ya Bunyakiri yanapita njia ya Hombo, yanakatisha msitu wa Kahuzi-Biega. Gari likikwama kwenye matope, mafuta yanalala njiani siku kadhaa. Yakifika hapa yamekwisha kutulia, mazito yako chini, mepesi juu. Sasa muuzaji mvivu hakorogi pipa. Anachota tu. Mteja wa asubuhi anapata mekundu ya maji, anafurahi. Mteja wa mwisho anapata yale ya kukwangua chini. Wote wamenunua mawese ya kweli, hakuna aliyeibiwa kwa kuchanganyiwa, ila hawakupata kitu kimoja. Mama Ushindi, nahisi bidoni yako ilitoka karibu na sakafu ya pipa.

Ukinunua, mwambie akoroge kwa mti mrefu mbele ya macho yako kabla ya kupima. Akikataa, nenda kwa mwingine.

#5 Mtoto wa Fizi
Ndugu Bidoni umesahau sisi. Mawese mengi ya mji huo yanatoka kwetu Fizi, yanapanda mpaka Uvira, halafu Kamanyola, halafu yanakwea milima ya Ngomo. Ya kwetu hayana hayo mambo ya kugawanyika. Anayetaka mawese aulize "ya Fizi", asinunue macho yamefungwa.

#6 Bidoni Ishirini
@Mtoto wa Fizi, kaka, nimeuza ya Fizi mara nyingi kuliko ulivyoyala. Yanagawanyika vilevile yakilala Bukavu usiku mbili. Kwenu hamjaona kwa sababu kwenu ni joto.

#7 Mwalimu Kemia
Salamu. Nafundisha kemia sekondari, niongeze kidogo.

Mawese si kitu kimoja. Ndani yake mna mafuta yanayopenda kuganda na mafuta yanayopenda kubaki maji, karibu nusu kwa nusu. Kwenye joto yote ni maji. Yakipoa polepole, yale ya kuganda yanajikusanya chembe kwa chembe, chembe zinanenepa, zinazama. Yakipoa haraka, chembe zinatokea nyingi na ndogo, zinashikana kila mahali, ndipo unapata ule uji wa rangi moja. Viwandani wanatumia tabia hiyohiyo: wanapoza polepole, wanachuja, na sehemu ya maji ndiyo inayouzwa kwenye chupa nyingi za mafuta ya njano. Rangi nyekundu nayo, yaani karotini, hupendelea kubaki kwenye sehemu ya maji. Ndiyo maana juu kwa Mama Ushindi ni kwekundu na chini ni rangi ya machungwa.

Kwa hiyo @Da Zawadi, mtu akiongeza mafuta ya dukani yasiyoganda, ningetegemea tabaka la chini liwe dogo, si nusu ya chupa.

Na mbegu pia ina neno lake. Kuna mchikichi wa asili wenye kokwa nene na nyama kidogo, unaitwa dura. Kuna tenera, kokwa jembamba na nyama nyingi. Siri ya tenera, kwamba inazaliwa kwa kupandisha dura na pisifera isiyo na ganda la kokwa, ilipatikana hapa kwetu Kongo, kituo cha Yangambi, ikatangazwa mwaka 1941. Kijijini wanachanganya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, za miti yote kwenye chungu kimoja, kwa hiyo bidoni mbili za muuzaji mmoja zinaweza kutoka kwenye miti tofauti kabisa.

#8 Da Zawadi
Mwalimu aksanti, nimeelewa. Lakini umesema mwenyewe "ningetegemea". Kama wametia mafuta ya kiwanda yale yanayoganda, je? Yapo pia.

#9 Yaya Riziki
Mimi nasimama na jirani: maji. Nieleze yaliyonikuta.

Mwaka jana nilinunua lita tano kwa mama mmoja wa kuuza kando ya barabara. Yalikuwa mazuri kwa macho, mekundu, na mpaka kama huo wa Mama Ushindi. Nikatia kwenye sufuria kavu, makaa yamewaka vizuri. Kwanza yakalia *chwaa*, kama mvua kwenye bati. Halafu yakaanza kupasuka, tone moja likaniruka hapa juu ya kidole gumba, mpaka leo pana alama ya ukubwa wa punje ya mahindi. Nilipoyaacha bidoni ikalala, chini kabisa nikakuta maji ya kahawia na makapi ya ngazi, yananuka kama mihogo iliyozidi kulowekwa.

Tangu siku ile sinunui bila kupima. Nabeba kijiko changu cha chuma. Namwomba muuzaji wa mahindi ya kuchoma moto kidogo, nashika kijiko juu ya makaa. Yakitulia kimya mpaka yawe mepesi, nanunua. Yakilia, narudisha na kushukuru.

#10 Mwalimu Kemia
@Yaya Riziki kipimo cha kijiko ni kizuri sana. Lakini angalia ulichosema: chini kwako palikuwa kahawia na maji. Kwa Mama Ushindi ni machungwa na kama siagi. Hayo ni mambo mawili. Maji hayagandi kwa baridi ya Bukavu.

#11 Yaya Riziki
Sawa Mwalimu. Ila chupa inaweza kuwa na vyote viwili. Maji kidogo yanajificha ndani ya yale mazito, huwezi kuyaona mpaka yakurukie.

#12 Kaka wa Kampala
Mnazungumzia maji na baridi, mimi naogopa rangi. Mwaka 2015 huko Ghana mamlaka ya chakula ilikuta mawese sokoni yametiwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula. Wanaitia ili mafuta yaliyochoka yawe mekundu ya kuvutia. Nani anatuhakikishia kwetu hayapo? Kuna mtu aliniambia upake mafuta kwenye kitambaa cheupe: yakiacha rangi, ni ya kutiwa.

#13 Mwalimu Kemia
Hapana kaka, hapo wamekudanganya. Mawese safi yanaacha rangi kwenye kitambaa, muulize mama yeyote anayefua mashati ya shule. Karotini yenyewe ni rangi. Tofauti ni kwamba doa la karotini hufifia likianikwa juani siku kadhaa. Ukiona halibadiliki kabisa, hapo shuku. Lakini ni shaka tu, jibu kamili linatoka maabara.

#14 Da Zawadi
Mimi nilisikia wengine wanaponda ndizi mbivu humo ndani. Ndiyo ule uzito wa chini.

#15 Bidoni Ishirini
@Da Zawadi ndizi ingechacha baada ya siku mbili na bidoni ingevimba. Umeona mwenyewe au umesikia? Sisi wauzaji tunasingiziwa mengi. Wabaya wapo, sikatai. Ila ubaya mkubwa ninaoujua mimi si wa sokoni, ni wa kule kwenye kukamua. Mashada ya ngazi yanakatwa, yanarundikwa chini siku nne, tano, hata wiki, ili punje ziachie zenyewe. Zinajipondaponda, zinaanza kuoza. Mafuta yake yanaungua kooni, yanakufanya ukohoe. Kwa macho huwezi kuyajua. Onja tone moja ulimi ukiwa safi, meza, subiri. Koo likiwasha, acha.

#16 Mwalimu Kemia
Hilo ni kweli na lina sababu yake. Tunda likichubuka, kimeng'enya kilichomo kinaanza kuvunja mafuta na kuacha asidi. Kuchemsha ngazi mapema ndiko kunakokizima. Afrika ya Magharibi wafanyabiashara wa zamani walikuwa na majina mawili: mafuta laini, ya ngazi zilizopikwa mapema, na mafuta magumu, ya ngazi zilizolala. Yale ya asidi nyingi ndiyo yaliyoganda zaidi. Kwa hiyo Mama Ushindi, hata hii inaweza kuwa sababu ya bidoni yako kutofautiana na ya kwanza. Umeonja?

#17 Mtoto wa Fizi
Mwalimu sasa umetupa sababu nne na zote unaziunga mkono 😄 Baridi, pipa, mbegu, ngazi zilizolala. Chagua moja baba.

#18 Mwalimu Kemia
Siwezi kuchagua nikiwa sijaiona chupa. Na zinaweza kukutana zote.

#19 Muuguzi wa Zamu
Nimetoka kazini, nimesoma toka juu. Mmesahau swali la mtoto.

Mama Ushindi, kuganda hakumdhuru mtoto. Mawese mekundu yana karotini miligramu 500 hadi 700 kwa kilo moja, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa huanza kutoona vizuri jioni, anajikwaa kwenye viti jua likizama, na maradhi ya kawaida yanamlaza zaidi. Sombe na mawese vinafaa kwenda pamoja kwa sababu karotini inahitaji mafuta ili iingie mwilini, na majani nayo yana karotini yake. Kijiko kidogo kwenye sahani yake kinatosha. Tikisa chupa kabla ya kuchota, asiwe anapata ya juu leo na ya chini kesho.

Ninachowaomba kwa moyo wote: acheni kuyaunguza mpaka yawe meupe. Mnanunua rangi ghali, halafu mnaichoma yote kwenye sufuria.

#20 Mzee wa Kabare
Binti yangu muuguzi, hapo hatukubaliani. Marehemu mama alikuwa anayachoma mpaka moshi unajaa jikoni na rangi inaondoka. Alisema mabichi yanasokota tumbo. Tulikuwa watoto saba, hakuna aliyekuwa haoni jioni. Tena sisi wa Kabare mawese tulikuwa tunanunua kwa shida, tulikuwa na maharagi, maziwa na mboga za shamba.

#21 Muuguzi wa Zamu
Shikamoo mzee. Umejijibu mwenyewe: maziwa na mboga za shamba ndivyo vilivyowalinda macho. Watoto ninaowaona mimi hawana maziwa. Na mama yako alikuwa na haki upande mmoja, mafuta yenye maji na uchafu lazima yapashwe. Yapashe mpaka yaache kulia, basi, usingoje moshi.

#22 Mzee wa Kabare
Marahaba. Nitamwambia mke wangu ajaribu. Harufu ya mabichi ndiyo inayonishinda.

#23 Kaka wa Kampala
Muuguzi, na kwa watu wazima? Baba alikatazwa mawese kabisa kwa sababu ya presha na moyo.

#24 Muuguzi wa Zamu
Karibu nusu ya mawese ni mafuta yale ya kuganda, ambayo yakizidi yanapandisha kolesteroli. Mtu mwenye ugonjwa afuate daktari wake. Kwa wengine tatizo ni kipimo: ukiona sombe inaelea kwenye mafuta kama mtumbwi ziwani, imezidi. Na kwa presha, angalia chumvi kwanza kabla ya kulaumu mawese.

#25 Da Zawadi
Tukiwa kwenye chumvi, ile inayomwagwa kwenye beseni sokoni na kupimwa kwa glasi, ni nzuri?

#26 Muuguzi wa Zamu
Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina iyodini, uihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moto na maji. Iyodini inapotea chumvi ikikaa wazi juani au ikilowa. Wenye umri wanakumbuka watu wa Idjwi walivyokuwa na rovu shingoni. Watafiti walikwenda kisiwani miaka ya 1960 kuchunguza jambo hilo. Udongo wetu wa milimani hauna iyodini ya kutosha. Na mihogo isiyolowekwa vizuri inazidisha tatizo, kwa hiyo unga wa mihogo nunua kwa mtu anayeloweka siku tatu au zaidi.

#27 Mwana wa Bagira
Siku tatu nani analoweka sasa? Njaa iko haraka. Wengi siku moja, wanaanika kando ya barabara na vumbi yote. Mimi unga naunusa tu.

#28 Yaya Riziki
Kunusa hakutoshi. Mimi nanunua mihogo mikavu yenyewe, navunja kipande. Ndani kukiwa na madoa meusi au ya kijani, ni kuvu, naacha. Kikivunjika *kwa!* na ndani ni cheupe, napeleka kinuni mwenyewe. Hapo najua vumbi ni la kwangu.

#29 Mtoto wa Fizi
Na sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, je? Maana na hao mliazima kwetu. Walitolewa ziwa Tanganyika, wakatiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni ndagala wa Fizi waliohamia baridini.

#30 Mwana wa Bagira
Wamekaa huku zaidi ya miaka 60, wameshapata uraia 😄 Sambaza safi angalia tumbo. Ikiwa imepasuka na utumbo unatoka, imelala. Na mgongo uwe unang'aa sawa kioo. Enda kando ya ziwa asubuhi mapema, wavuvi wakitoka kwenye taa za usiku, ndipo utapata.

#31 Bidoni Ishirini
Turudi kwenye mawese jamani. Mama Ushindi amenyamaza.

#32 Mama Ushindi
Nipo, nilikuwa nafanya kazi mliyonipa. Aksanti wote.

Nimeonja. Halikuniwasha koo, ila kuna ukali kidogo mwishoni, mume wangu anasema hausikii. Kijiko juu ya makaa: kililia kidogo sana, kama mara tatu, kikatulia. Halafu nikaweka chupa kwenye maji ya moto mpaka ikawa maji yote, nikamimina kwenye glasi mbili. Moja nikaisimamisha kwenye beseni la maji baridi. Nyingine nikaizungushia kitenge na kuiacha kando ya jiko lililokuwa linazima. Asubuhi ya beseni ni uji mzito wa rangi moja, sawasawa na bidoni ya mwezi uliopita. Ya kitenge imegawanyika, siagi chini, nyekundu juu. Nimekaa naziangalia hizo glasi mbili, mafuta ni yaleyale.

Nikadhani nimemaliza. Lakini nilikuwa nimebakisha kikombe cha bidoni ya zamani. Nacho nikakipasha, nikakizungushia kitenge kilekile, mahali palepale. Hakikugawanyika. Siku mbili sasa, rangi moja.

#33 Da Zawadi
Nilisema mimi.

#34 Mwalimu Kemia
Hilo linanivutia sana. Basi baridi peke yake haitoshi. Inaweza kuwa mbegu, inaweza kuwa ngazi zilizolala, inaweza hata kuwa bidoni ya *kwanza* ndiyo iliyokuwa imechanganywa na hii ya sasa ni safi. Usidhani ile uliyoizoea ndiyo kipimo.

#35 Da Zawadi
Mwalimu unageuza mambo.

#36 Bidoni Ishirini
Hapana, anasema kweli. Nimeona mawese yaliyoongezwa mafuta mengine yakikaa laini, hayatulii kabisa. Mama Ushindi, muulize muuzaji wako kila bidoni imetoka kijiji gani. Akiwa mtu wa kweli anajua. Mimi ya kwangu naandika kwa chaki ubavuni: mahali na siku iliyofika.

#37 Mwana wa Bagira
Mimi bado nasema ni baridi. Kikombe ni kidogo, kinapoa haraka kuliko glasi.

#38 Mama Ushindi
Mwana wa Bagira, hilo sikuliwaza. Kikombe kweli kilikuwa kidogo, tena cha bati. Nitarudia kwa glasi sawa, kipimo sawa.

Mtoto anakula, kijiko kidogo, nimetikisa kwanza. Hatuyachomi tena mpaka moshi.

#39 Yaya Riziki
Jumamosi nashuka Kadutu asubuhi na kijiko changu. Mama Ushindi, nikukute upande wa wauza makaa, tuende kwa muuzaji wako pamoja tumwombe akoroge pipa. Chukua na zile glasi.

#40 Mama Ushindi
Saa mbili nitakuwa hapo. Naja na chupa mbili tupu, moja nitachotea juu kabla hajakoroga, nyingine baada ya kukoroga.